Kitalu cha Nyanya katika Milima ya Usambara

Msafiri atokaye Tanga kwenda Moshi hupita Muheza na Korogwe, kisha hufika Mombo, mji ulio chini ya milima ya Usambara. Reli iliyojengwa na Wajerumani kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1905. Mombo pana joto. Lakini ukiiacha njia kuu na kukwea kilomita 33 hivi za kona na magenge, utayapita maporomoko ya maji ya Soni na kuingia Lushoto, mahali pa baridi na ukungu, ambapo mboga na matunda hustawi na kuteremshwa kwenda kuuzwa mijini.

Ndugu wasomaji, tuliyoyaona huko tumeona yafaa kuyaandika, hasa kwa ajili ya vijana wetu. Mashamba ya milimani yamegawanywa kwa urithi kizazi baada ya kizazi, hata fungu la kila mmoja limekuwa dogo. Na vijana wengi hushuka mijini wakidhani kwamba ardhi ndogo haina riziki. Bibi mmoja mjane, aliyetukaribisha kwake karibu na Soni, aliiondoa shaka hiyo kwa maneno machache. Nyuma ya jiko lake palikuwa na kitalu cha nyanya, upana wake mita 1 na urefu wake mita 3. "Mwalimu," alisema, "watoto hawa wamevaa na kusoma kwa kitalu hiki." Miche mingine huipanda mwenyewe, na iliyobaki huwauzia majirani.

Kazi yenyewe si ngumu, bali yataka uangalifu. Kwanza ni kuchagua mahali. Haifai kuotesha nyanya palipokuwa na viazi mviringo, bilinganya, pilipili au mnavu, kwa kuwa mimea hiyo yote ni ya ukoo mmoja na nyanya, na maradhi ya mmoja hukaa udongoni yakimngoja mwenziwe. Udongo hulainishwa na kuchanganywa na samadi iliyooza barabara. Kisha huchorwa mistari yenye kina cha sentimita 1, iliyoachana sentimita 15, na mbegu hutiwa moja moja. Mkono wenye pupa humwaga mbegu nyingi. Miche ikasongamana, na katika unyevu wa milimani huingia kinyausi, maradhi yaozeshayo shina penye udongo, hata kitalu kizima kikalala kwa siku chache.

Mbegu zikiisha kufukiwa, hufunikwa nyasi kavu na kunyweshwa maji kwa upole. Baada ya siku 5 hadi 10 huchipua, na hapo nyasi huondolewa upesi ili miche isikue myembamba ikitafuta mwanga. Hujengewa kichanja cha kuikinga na jua kali na mvua nzito.

Lakini jambo lililotupendeza zaidi ni lile afanyalo bibi huyo siku kama 7 kabla ya kuhamisha. Hupunguza maji kidogo kidogo, na kivuli hukiondoa saa chache leo, nyingi zaidi kesho, mpaka miche ikalizoea jua la kutwa. Baada ya wiki 4 hivi, ikiwa na majani kama 5, huhamishwa jioni pamoja na udongo wa mizizi yake. Mche uliotolewa kivulini ghafula hunyauka. Na ule usiotolewa kabisa hauzai. Wazazi na walimu tuyatie hayo moyoni, kwani mtoto naye hulelewa hivyo hivyo.

Asiye na kiwanja asikate tamaa. Sanduku la mbao au ndoo kuukuu iliyotobolewa chini yatosha kuotesha miche ya nyumba moja, hata mjini.

Katika Surat al-Waaqia, Mwenyezi Mungu anatutaka tutafakari ni nani hasa aoteshaye tunachokipanda: sisi au Yeye? Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba apandapo Mwislamu, akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Basi enyi vijana, msiidharau kazi ya mikono katika udongo. Ni halali, ni ibada kwa mwenye nia njema, na yaweza kuanzia nyuma ya jiko la mama yako.

Wabillahi taufiq.