Kufuli Kwenye Kila Gemu

Mtoto wa mjomba alinipigia saa mbili usiku, na hata salamu hakumaliza. "Dada, ile mashine ulinunua kwa nani?"

Mimi nilikuwa Dar, kwenye foleni ya Mbagala. Yeye alikuwa kwetu Salale, kwenye delta ya Rufiji, ndani ya kibanda cha makuti chenye sola mbili juu na mabenchi matatu ndani. Watoto walikuwa wameshalipa na wameshakaa. Kwenye kioo, pembeni ya picha ya kila gemu, kulikuwa na kufuli dogo. Gemu zilikuwemo zote, hakuna iliyofutwa. Ila ukibonyeza, mashine inakuambia leseni haijathibitishwa, ingia mtandaoni, au nenda dukani ukanunue.

"Nilinunua Kariakoo," nikamjibu. "Kwa mtu."

"Mtu gani?"

Hapo nikakosa la kusema. Zilikuwa pesa zake za msimu mzima wa kamba, laki saba na nusu, alizonitumia kwa simu kwa sababu mimi ndiye wa mjini, mimi ndiye mwandishi wa habari, mimi ndiye ninayejua mambo. Na nilikagua kweli. Niliiwasha, nikacheza dakika tano, nikahesabu pedi mbili na waya zake. Gemu kumi na moja ndani. Nikaona nimepata kwa bei ya kutupa. Nikaipakata kwenye basi kutoka Rangi Tatu mpaka Bungu, tukakata kushoto kuelekea Nyamisati, na kwenye boti nikaifunika kwa nailoni kama mtoto mchanga. Swali moja tu sikuuliza: hizi gemu ni za nani?

Nilielewa baadaye. Hazikuwa gemu za CD. Zilikuwa zimenunuliwa mtandaoni kwa akaunti ya mmiliki wa kwanza, na zilikuwa zinacheza kwa sababu huyo bwana alikuwa ameitambulisha mashine ile kama ya nyumbani kwake. Miezi tisa ilikaa Salale bila mtandao, haijui kama imeuzwa, ikapiga kazi vizuri. Kisha vijana wakataka vikosi vya msimu mpya. Binamu yangu akanunua bando, akaifunga simu juu ya nguzo ya mkoko pale mtandao unaposoma, akawasha hotspoti. Mashine ikapata mtandao, ikauliza makao makuu, ikajibiwa kwamba mwenyewe ameshahamia mashine nyingine. Ikafunga kila kitu.

Yaani siku tuliyoipa mtandao ndiyo siku iliyotugeuka.

Mimi nimekulia kwenye kibanda hicho hicho, kwa mashine nyingine. Mwaka 2006 mjomba alirudi kutoka Dar na PlayStation 2 iliyofungwa ndani ya khanga mbili. Ilikuwa imeshatumika. Ubavuni ilikuwa na mkwaruzo mrefu na stika ya Kiarabu. Mmoja akasema imetoka Oman, mwingine akabisha, akasema ni ya Ujerumani hiyo. TV ilikuwa ya kichogo. Jenereta ilikunywa petroli ya boti, kwa hiyo siku mjomba anapokwenda kuvua mbali tulijua leo hakuna gemu. Shilingi hamsini mechi moja. Asiye na hela alileta nazi, au kopo la uduvi. Nilikuwa msichana pekee aliyeruhusiwa benchi la mbele, na hiyo ni kwa sababu mjomba alinipa kazi ya kushika daftari la madeni.

Ile mashine haikuwahi kuniuliza jina. Duniani ziliuzwa PS2 zaidi ya milioni 150, na hii moja iliyofika kwetu huenda mjomba alikuwa bwana wake wa tatu au wa nne. Unaweka CD, unafunga, unacheza. Vitufe vya pedi vilipokufa, fundi simu wa Kibiti alivifufua kwa kipande cha ndala.

Delta nzima inaishi hivyo. Injini za boti zinakuja zikiwa zimechoka kwingine, nguo ni za mtumba, baiskeli zina majina ya watu ambao hatutawajua kamwe. Hata vita vilipotufikia vilikuja kwa mtindo huo. Mwaka 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha kwenye mikoko yetu ikiwa na mashine mbovu. Vipuri vikaburutwa mpaka Dar es Salaam kutengenezwa, vikarudishwa. Tarehe 11 Julai 1915, baada ya kushambuliwa na Waingereza, wenyewe wakaizamisha. Lakini mizinga yake 10 ikatolewa majini, ikapewa magurudumu, ikaenda kupigana nchi kavu. Mmoja uko Mombasa, nje ya Fort Jesus, mpaka leo. Ilikuwa mizinga ya kuua watu, siisifii. Ninachosema ni kwamba meli yao ilipolala chini ya maji, hakuna mzinga uliokataa kulia kwa sababu hiyo.

Mashine niliyompelekea binamu yangu ilikataa.

Ugomvi huu uliwahi kufika hadharani, na niliufuatilia nikiwa chuo. Mei 21, 2013, Microsoft walitangaza Xbox One. Mwanzoni mwa Juni wakafafanua masharti. Mashine yako lazima ipate mtandao walau mara moja kila saa 24. Isipopata, huchezi, hata ile gemu ya CD uliyoinunua kwa hela yako. Gemu unaweza kumpa rafiki, lakini mara moja tu, na awe ameshakaa siku 30 kwenye orodha ya marafiki zako mtandaoni. Kuazimana na kukodishana, hapana, si kwa kuanzia. Kuuza iliyotumika kungetegemea kampuni iliyotoa gemu imeridhia, na duka liwe kwenye orodha ya walioruhusiwa.

Hiyo ya siku 30 nilimsomea mjomba kwa simu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa hao ni marafiki au wachumba?"

Watu walikuja juu. Juni 10, Los Angeles, Sony wakapanda jukwaani kusema PS4 haitazuia gemu zilizotumika wala haitadai mtandao kila saa, na ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Don Mattrick, aliyekuwa mkuu wa Xbox, alipoulizwa kuhusu wasio na mtandao, alijibu kwamba kwa hao kampuni tayari ina bidhaa: Xbox 360, ile ya zamani. Akamtaja mtu mmoja aliyeandika kwamba yuko ndani ya nyambizi ya nyuklia, akakubali kwamba huko mtandao lazima uwe shida. Juni 19 masharti yakafutwa.

Nilishangilia hosteli kama vile na mimi nimeshinda. Lakini ile nyambizi haikunitoka kichwani. Ina maana bosi yule alipojaribu kumfikiria mtu aliye mbali kabisa na mtandao, mawazo yake yalifika kwa askari aliye chini ya bahari. Kibanda chenye jenereta na watoto kumi na wawili hakikumjia. Na kwa nini kimjie? Mashine ile ilipoingia sokoni Novemba 22 mwaka huo, ilianza katika nchi 13, hata moja haikuwa ya Afrika. Tuliteteana na watu ambao hawakujua kama tupo.

Kilichoshindikana kwa kutangazwa, kikaja kwa kutotangazwa. Novemba 2020 kampuni zote mbili zilitoa mashine zisizo na tundu la CD kabisa, Xbox Series S kwa huyu na PS5 Digital Edition kwa yule. Hakuna sharti lililosomwa jukwaani. Tundu halipo tu, na pasipo CD hakuna cha kuazima wala cha kuuza. Mwisho wa 2023 ikaja PS5 ambayo kisomea CD chake kinaweza kufungwa pembeni, na mara ya kwanza ukikifunga kinataka intaneti ili mashine ikitambue. Machi 31, 2024, Ubisoft wakazima seva za The Crew, gemu ya magari ya mwaka 2014. Hata aliyekuwa anaendesha peke yake, bila kushindana na yeyote, akawa hawezi tena. Wenye CD kabatini wakabaki na duara la plastiki. Septemba mwaka huo huo jimbo la California likapitisha sheria: muuzaji asitumie neno "nunua" kwa bidhaa ya kidijitali bila kumwambia mteja wazi kwamba anapewa leseni tu. Ilibidi itungwe sheria ili neno "nunua" lirudi kwenye maana yake.

Na mtandao wenyewe, tuseme ukweli, si wetu wa kuuahidi. Mei 4, 2024, kimbunga Hidaya kilitua Mafia, ng'ambo yetu tu, wakati maji ya mafuriko ya Rufiji bado hayajaisha mashambani. Mei 12, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikakatika na nchi nzima ikawa inavuta intaneti kwa kamba. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, mtandao ulizimwa, ukakaa siku kadhaa bila kurudi. Mashine inayodai kuulizia makao makuu kila siku ingekuwa kopo la bati kwenye nyakati zote hizo, na si Salale peke yake. Masaki pia.

Najua upande wa pili utasema nini, na nusu ya hoja zao ni kweli. CD za mjomba zilikuwa za kunakiliwa. Zile zenye jezi za Simba na Yanga, hakuna kampuni ya Japani iliyozitoa. Zilipikwa na vijana wa mjini na sisi tukazila. Aliyetengeneza gemu hakupata hata senti ya zile hamsini zetu. Mimi ninaishi kwa kuandika, makala zangu zimewahi kuchukuliwa nzima nzima bila jina langu, na niliumia. Siwezi kusimama hapa nikasema kunakili ni haki ya maskini.

Lakini kunakili ni kitu kimoja na kupokezana ni kingine. Ukinakili, kimoja kimekuwa viwili na fundi amelipwa mara moja. Ukipokezana, kimoja kimebaki kimoja. Mimi nimeachia, wewe umeshika. Mtu wa kwanza wa mashine yangu ya Kariakoo alilipa kila gemu bei kamili. Hakuna aliyeibiwa. Kufuli lile halikumzuia mwizi, lilimzuia mnunuzi wa pili.

Ninyi mnaosoma blogu hii mnalijua jambo hili kwa vitabu. Riwaya yangu ya kwanza niliipata sekondari bila jalada. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na majina sita, kila moja kwa kalamu yake, matano yamekatwa kwa mstari. Nikakata la sita, nikaandika langu. Sikuwa na hela ya kitabu kipya, na mwandishi wake hakupata chochote kwangu siku ile. Alichopata ni msomaji, ambaye baadaye alinunua vitabu vyake vingine vyote, vipya, kwa mshahara. Sasa fikiria kile kitabu kingekuwa kinamjua bwana wake wa kwanza tu. Na msidhani natia chumvi: Julai 2009 Amazon walifuta kwa mbali nakala za 1984 ya George Orwell kutoka kwenye Kindle za watu waliokuwa wameshazilipia, kwa sababu aliyeziuza hakuwa na haki ya kuuza. Walirudisha hela na wakaomba radhi. Lakini ukweli ukabaki kwamba mkono ulikuwa unafika mpaka ndani ya kabati la mtu.

Yule muuzaji wa Kariakoo namba yake haipatikani. Nilirudi kwenye meza aliyokuwa anauzia, nikakuta mtu mwingine anauza makava ya simu. Huyo bwana wa kwanza simlaumu hata kidogo. Pengine yuko sehemu anacheza gemu zake kumi na moja, hajui kwamba kuna kijiji kilikuwa kinacheza kwa jina lake miezi tisa.

Mwezi uliopita nilikwenda Salale. Nilibeba CD mbili halali, maana bahati nzuri mashine ina tundu, na laki mbili za kuanzia kulipa deni. Binamu yangu alipokea CD, hela akazirudisha mfukoni kwangu. Akasema, "Dada, hukuniibia. Ulinunua, ndivyo ulivyojua." Alisema kwa upole, na ule upole ndio ulionikalia kifuani njia nzima ya kurudi.

Kabla sijaondoka nilipita kibandani. Mashine mpya ilikuwa upande mmoja na CD zake mbili, foleni ndefu. Upande wa pili, juu ya kreti la soda, ilikuwa ile PS2 ya mjomba, stika ya Kiarabu imeshafutika, kifuniko kimebanwa kwa raba ya baiskeli. Watoto wawili ambao mwaka ule hata mama zao walikuwa hawajaolewa walikuwa wanacheza Brazil na Ufaransa. Ronaldinho alikuwa bado yumo kikosini. Nikamuuliza mdogo wao, mechi shilingi ngapi?

"Mia," akasema, bila kutoa macho kwenye kioo. "Kama huna, andikisha."

Nikaomba daftari.