Filme ya Mbwa na Theluji



Wengine mlicheka niliposema nitaandika juu ya mbwa. Ni kweli, kwetu mbwa ni wa kuwinda, na jioni anafukuzwa jikoni. Lakini katika filme «Iron Will», iliyotoka mwaka 1994, mbwa wanafanya kazi sawa motokari. Wanafungwa kamba mbele ya kigari kisicho na magurudumu, kinateleza juu ya theluji, na mtu anasimama nyuma akiwapigia kelele.

Ni mwaka 1917, South Dakota, kule Marekani. Kijana Will Stoneman ana miaka 17. Baba yake anaanguka ndani ya mto wa barafu, anakufa. Mama anabaki na madeni, na pesa ya masomo hakuna tena. Hapo mimi sikuwaza tena mbwa, juu minervali yangu ya mwaka huu ilitoka kwa mbuzi mbili za mama. Will, yeye, anaingia shindano: toka Winnipeg katika Kanada mpaka Saint Paul katika Marekani, karibu kilometa 840, baridi ya kuua. Mshindi atapata dola 10,000.

Ned, mtu wa kabila la wenyeji wa kwanza wa Amerika anayefanya kazi kwao, anamfundisha: wenzako wanakupita nguvu, basi ukimbie mingi, ulale kidogo. Na kuna Gus, mbwa kiongozi. Alikuwa wa baba, hataki kumtii mtoto. Sehemu hiyo niliipenda kupita zote, maana Gus hadanganyiki kwa kelele. Mwandishi wa gazeti anampa kijana jina «Will wa chuma». Kwa Kiingereza «will» ni nia pia. Mwandishi huyo, mwanzoni, anatafuta sifa yake mwenyewe tu.

Will anashinda, mnajua. Lakini filme inajisema ni habari ya kweli, na hapa mimi niko na neno. Shindano la 1917 lilikuwako. Mshindi alikuwa Albert Campbell wa The Pas, katika Manitoba, Mmetis, maana yake mtu wa damu ya wenyeji na ya Wazungu. Mmarekani Fred Hartman alipoteza mbwa wake kiongozi mwanzoni kabisa, akaendelea vile vile, akafika wa mwisho kati ya waliomaliza, na watu wakamshangilia sana. Watunga filme wakachukua ushindi wa Campbell na shangwe ya Hartman, wakamvika mtu mmoja ambaye hakuzaliwa.

Wenzangu wa chumba wanasema, eh, filme ni hadithi, haina neno. Mimi nasema iko na neno. Campbell alitoka kwa watu waliosafiri na mbwa hawa kwa kazi, miaka na miaka, bila mtu wa gazeti kuwatazama. Siku moja mmoja wao anawapita wote, na filme inamweka nani mbele? Kijana wa kubuni.

Na Hartman? Mimi ningelipa kiingilio mara mbili nimwone yeye na mbwa waliobaki, kiongozi hakuna, njia yote bado iko mbele yao.