Daftari la Mabusha

Wenzangu wa Lindi na Mtwara mliokula chumvi kidogo, sina haja ya kuwaeleza daftari lile. Lilikuwa kaunta buku nene, ncha zake zimekunjamana, nalo lilishinda mezani kwa nesi wa zamu likibeba majina ya wazee wetu waliongoja kupasuliwa mabusha. Siku ya upasuaji walijaa kwenye benchi la nje tangu alfajiri, wamejifunga misuli, kila mmoja na mfuko wake wa wembe, glovu na uzi alioagizwa anunue mwenyewe, harufu ya spiriti ikiwajia kutoka mlangoni, wakitaniana kwa sauti nani kati yao alizidisha madafu ujanani.

Madafu yalisingiziwa. Ni mbu.

Foleni ile ilikwenda ilivyotaka. Chumba cha upasuaji kimoja, daktari mmoja. Akiletwa mama mwenye uchungu pingamizi, wa mabusha wote waliambiwa warudi wiki ijayo, wakarudi, na kwa hilo hawakunung'unika, ila jenereta ikikosa dizeli mngewasikia. Oktoba korosho zilipoanza kuanguka, majina yaliitwa bila kuitikiwa, na asiye na mkorosho hata mmoja akajikuta wa kwanza. Wapo pia waliopanda orodha kwa jogoo, au kwa shemeji aliyefanya kazi ndani. Tusijifanye hatukuwajua.

Sasa jina liko kwenye kompyuta. Tarehe inaingia kwa simu. Jogoo hana pa kupenya. Vituo vya afya vingi navyo vimepata vyumba vya upasuaji, hivyo si kila mama anayeshindwa kujifungua ataletwa hadi wilayani.

Na wagonjwa wenyewe wamepungua. Dawa za matende na mabusha zilianza kugawiwa mwaka 2000 kisiwani Mafia, kisha zikatufikia na sisi: ivermectin na albendazole, mara moja kwa mwaka, unapimwa urefu kwa fimbo, unameza mbele ya mgawaji. Vidonge vile huwamaliza minyoo wachanga walio kwenye damu, mbu akakosa cha kumpelekea jirani. Lakini busha lililokwisha kujaa halisikii kidonge. Linataka kisu, na ndiyo maana orodha bado ipo, fupi, ya wazee watupu.

Hapo ndipo ninapopata shida kidogo. Busha lilipokuwa la wengi lilikuwa utani wa barazani. Lilipobaki kwa wachache limekuwa aibu. Wanakuja mmoja mmoja, wamevaa kanzu pana, wanakaa mbali na mlango. Benchi limeondolewa, kuna viti vya plastiki, na kwenye ukuta televisheni inayowaangalisha wote upande mmoja.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu alisomewa ujumbe wa hospitali na mjukuu wake wa darasa la sita. Mtoto alipofika katikati akasita.

"Babu, busha ndiyo kitu gani?"

"Wewe soma tarehe kwanza."