Ngoma Isiyotisha ni Harusi

Ukikaa Inyonga kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, mahindi yakiwa ghalani na wenye tumbaku wakiwa na visenti mfukoni, utasikia ubishi unaoupita hata ule wa Simba na Yanga. Ni ubishi wa ngoma. Nani alicheza, nani alitisha, na je, kutisha nako ni kucheza?

Kwa wasiopajua: Inyonga ni makao makuu ya Wilaya ya Mlele, mkoani Katavi, njiani kati ya Tabora na Mpanda. Asali, tumbaku, miombo, vumbi. Wenyeji ni Wakonongo, ndio wajomba zangu. Wasukuma, upande wa baba, walishuka huku na ng'ombe wao kutafuta malisho, na wakaja na mbina, yaani ngoma zao za mashindano. Ndiyo maana mtu anaweza kuzaliwa huku kusini, mbali kabisa na Ziwa Victoria, na bado akaulizwa: wewe ni Mgika au Mgalu?

Hayo ni makundi mawili makubwa ya ngoma za Kisukuma. Inasimuliwa kwamba yalianza karne ya 19 na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, walioshindana dawa ya nani ina nguvu zaidi. Wafuasi wa Ngika wakawa Wagika, wa Gumha wakawa Wagalu. Ukienda Bujora, pale Kisesa karibu na Mwanza, kwenye makumbusho yaliyoanzishwa na Padri David Clement, historia hiyo utaikuta imehifadhiwa vizuri. Sisi Inyonga hatuna makumbusho. Tuna uwanja nyuma ya mnada.

Sheria ya mashindano ndiyo chanzo cha ubishi wote. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, umbali wa kutupiana jiwe. Hakuna jaji wala alama. Mshindi ni yule aliyezungukwa na watu wengi. Kwa hiyo mtazamaji anapiga kura kwa miguu: akichoshwa huku, anahamia kule, na manju anaona kabisa watu wake wakimtoroka huku bado anaimba. Jamani, mimi nimesoma mashairi yangu mbele ya watu, nimeona mtu akitoa simu na kuanza kuchati. Nilidhani hayo ndiyo mateso.

Sasa, ukiwa unashindania watu, hofu ni chambo kizuri sana. Wimbo mzuri unahitaji mtu aje karibu asikie maneno. Nyoka anahitaji mtu mmoja tu apige yowe. Wayeye, watu wa nyoka, wanalijua hilo toka zamani. Ngoma imepoa, watu wanahama, basi sanduku linaletwa katikati.

Nyumbani kwetu ubishi huu una wenyewe. Baba mdogo ni wa nyoka. Shangazi, dada yake mkubwa, ni wa wimbo na jembe. Enzi zake alicheza bugobogobo, ile ngoma ya majembe, na mpaka leo akisikia mdundo bega lake la kulia linatangulia kabla yeye hajaamua.

"Dada, ngoma isiyotisha ni harusi," husema baba mdogo.

"Na ngoma ya kutisha tu ni ajali," hujibu shangazi. "Hata ajali inajaza watu barabarani. Mbona hatumpigii makofi dereva?"

Baba mdogo ana hoja, tusimdharau. Anasema wimbo unaweza kuusikia kwenye memori kadi, unauzwa pale stendi. Kucheza unaweza kutazama kwenye simu ya mtoto. Hofu ndiyo kitu pekee kilichobaki ambacho lazima uwepo. Shangazi anamjibu kwamba hofu haikumbuki kitu: muulize mtu aliyekimbia nyoka, wimbo ulikuwa unasemaje? Hajui. Kwake yeye, msanii aliyekufanya usahau wimbo wake mwenyewe amejiibia.

Nilikuwa katikati ya hawa wawili kwa miaka, mpaka kiangazi kimoja lilipokuja kundi ambalo sitalitaja. Manju wao alikuwa mtu mfupi, sauti ya kawaida tu. Sanduku lililetwa mapema, likawekwa chini, na pembeni likatobolewa matundu mawili mbele yetu, kwa msumari, taratibu. Kisha wakaanza kuliimbia. Hawakuimba habari ya nyoka hata kidogo. Waliliimbia kama mnavyomwimbia mgeni aliyelala, mkiogopa kumwamsha. Kila ubeti ukiisha, wote wananyamaza na manju anainama kusikiliza. Watu wakaanza kusikiliza naye. Watoto waliokuwa mbele wakarudi nyuma bila kufukuzwa. Kule kwa wapinzani wao palikuwa na chatu mzima, kavikwa shingoni kwa kijana, na watu walimwacha huko na chatu wake wakaja kutazama sanduku la mbao.

Jua likazama. Sanduku halikufunguliwa. Wakalibeba, wakaondoka nalo.

Ugomvi uliofuata! Baba mdogo aliuita utapeli, mchana kweupe. "Wametuonyesha mbao!" Wiki nzima vijiweni swali likawa moja: kulikuwa na nyoka au hakukuwa? Wengine waliapa walimsikia. Shangazi, ambaye nyoka kwake ni mwiko hata kumtaja usiku, alisema hiyo ndiyo ngoma bora aliyoiona tangu ahamie Katavi, na aliukumbuka wimbo wote, ubeti kwa ubeti. Mimi niko naye. Manju yule alichukua hofu na wimbo, vitu ambavyo hawa ndugu wawili wamevitenganisha maisha yao yote, akavifanya kimoja kisiwezekane bila kingine.

Nimewahi kusoma kwamba huko Orlando, Marekani, hifadhi ya michezo ya Universal ina usiku wa kutishana kila msimu wa Halloween, tangu 1991. Watu wanalipa kuingia kwenye nyumba zenye mazombi, halafu wanabishana vilevile: nyumba zimepoa mwaka huu, maonyesho ya jukwaani ndiyo mazuri, hapana, nimekuja kutishwa mimi sikuja kutazama dansi. Nilicheka. Ni baba mdogo na shangazi wamevaa kaptula. Tofauti ni kwamba kule zombi haruhusiwi kukugusa. Huku swila hajasoma kanuni.

Riwaya ya Kiswahili nayo ilipita njia hii. Muhammed Said Abdulla alipotoa *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960, jina lenyewe lilikuwa chambo. Ukiingia ndani unamkuta Bwana Msa na akili yake, na giza linafunguliwa taratibu kama sanduku. Napenda kitabu kile, lakini kila nikikirudia nashangaa jinsi ninavyofurahia zaidi kurasa za kabla ya maelezo. Na kabla yake, mwaka 1935, F. G. Carnochan na H. C. Adamson walitoa *The Empire of the Snakes*, juu ya watu wa nyoka wa Unyamwezini, jirani zetu hapo juu tu. Wageni nao walivutwa na sanduku.

Ningeweza kuishia hapa, ubishi ubaki wa wapenzi wa sanaa. Ila mdogo wangu ana miaka 19 na anataka kuingia kwa Wayeye.

Kuingia maana yake ni kuchanjwa. Unachanjwa mwilini, unapakwa dawa, lukago, na unafundishwa kumshika nyoka. Wazee wa kundi wana maarifa ya kweli: wanamjua kifutu na tabia yake ya kutokimbia, wanajua koboko haguswi kwa mzaha. Lakini chale hazijageuka kuwa dawa ya sumu ya hospitali, na kuna vijiji vya kwetu ambako masika ikikolea kufika Inyonga kwenyewe ni kazi. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017. Linakadiria vifo kati ya 81,000 na 138,000 duniani kila mwaka. Nilimsomea mdogo wangu takwimu hizo. Akaniuliza wangapi kati yao walikuwa wamechanjwa.

Nilichokiona safari hii ni kwamba watu walibadilishana viti. Baba mdogo, wa nyoka, amekataa katakata. "Mtoto wa kaka yangu? Hapana." Shangazi kamuuliza, kwa upole mbaya, sasa hao watoto anaowapigia makofi kila kiangazi ni wa nani. Hakujibu, akatoka nje kuangalia ng'ombe ambao walikuwa wameshafungiwa.

Mama, ambaye ni Mkonongo na hajawahi kuulizwa upande wake kwenye ubishi huu, hakusema kitu siku ile. Yeye ngomani huenda, ila husimama mahali ambapo haoni katikati, anatazama nyuso za watazamaji tu, na akirudi anakwambia nani kashinda bila kukosea.

Juzi mdogo wangu kamwambia asihofu, wameahidi kuanza naye na chatu, na chatu hana sumu.

"Meno je?" mama akauliza.

"Meno anayo."

Mama akaendelea kuchambua mchele. Ngoma ni Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba, na amesema safari hii atasimama mbele.