Zamu ya Kusema

Sehemu kubwa ya umri wangu wa kazi nimeipitisha mbele ya kadamnasi, nikiongoza mijadala katika kumbi za Tunduma na Vwawa; na tangu mwaka 2016, mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya na serikali ikasogea karibu, haja ya raia kukutana na viongozi wao na kusemezana ilizidi. Ilimu ya kazi hii niliipata kwa wale niliowaongoza.

Somo la kwanza lilikuwa la saa. Mpaka wetu na Nakonde, upande wa Zambia, umepita katikati ya Wanyamwanga, wenye ndugu huku na huko, lakini saa hazipatani: itimiapo saa nne asubuhi Tunduma, Nakonde ni saa tatu. Basi katika kila barua ya mwaliko niliandika "kwa saa za Tanzania", maana mgeni aingiaye hotuba zimekwisha hana la kufanya ila kupiga makofi.

Somo la pili, nilithaminilo kuliko yote, ni la zamu. Desturi ya mikutano yetu ni kumtanguliza mkubwa: itifaki ikishazingatiwa, afisa husema, wakala wa forodha humfuata, na dereva wa lori, aliyekesha katika foleni na shaba ya Kongo, hupewa kipaza sauti watu wameanza kunusa pilau. Nikatambua kwamba mkubwa akitangulia, wote wamfuatao humjibu yeye, na asiye na la kumjibu hunyamaza. Kwa hiyo nikawa nawaendea waheshimiwa faraghani kabla ya kikao, nikiwaomba kwa taadhima wakubali kusema mwisho, kwa hoja kwamba neno la kufunga ndilo lenye uzito. Na nadra nilikataliwa.

Faida yake niliiona katika kikao kimoja kilichohusu kituo cha huduma za pamoja mpakani, ambacho Marais Magufuli na Lungu walikizindua mwaka 2019. Nilimpa zamu ya kwanza bibi mmoja mchuuzi, akasema kwa Kinyamwanga, kijana akifasiri: mwenye magunia mawili ya mchele wa Kamsamba asimame dirisha lipi, ikiwa kila dirisha lina msururu wa wenye malori? Afisa aliyekuwa na hotuba ndefu juu ya mapato alizikunja karatasi zake, akalijibu swali hilo, na mjadala mzima ukafuata njia hiyo.

Somo la tatu ni jepesi: kipaza sauti kisitoke mkononi mwa mwongozaji, kwani aahidiye "mchango mfupi" akishakishika, hakirudi ila kwa ugomvi.

Vijana waingiao katika kazi hii huniuliza ni maneno gani mazuri ya kufungulia mkutano. Mimi huwaomba wanioneshe orodha ya wasemaji, kisha tukaipanga upya, tukianzia chini.