Kamera Zilizokatika Siku ya Alhamisi



Miaka ya karibuni nyumba nyingi za parokia yetu hapa Morogoro zimewekwa kamera za ulinzi, na mara nyingi si mwenye nyumba aliyezitaka. Ni mtoto aliye mbali. Anafanya kazi Mwanza au Arusha, au amevuka bahari, na mama yake amebaki na binti wa kazi na mbwa mmoja mzee. Basi anatuma fedha, fundi anakuja, kamera 4 zinapachikwa ukutani, na tangu siku hiyo mtoto anaweza kufungua simu wakati wa mapumziko ya kazi na kumwona mama yake akichambua mchele barazani. Sioni ubaya katika jambo hilo. Nimewaona wazee wanaolala vizuri zaidi kwa kujua kwamba kuna mtoto wao anayewatazama. Shida huanza siku picha zinapokatika, kwa maana mtu aliye mbali akiacha kuona, hujijazia mwenyewe kile asichokiona.

Ndivyo ilivyotokea mwezi uliopita nyumbani kwa mama mmoja mjane, ambaye ameniruhusu niyaandike haya bila kumtaja jina. Mwanawe anaishi Mwanza. Siku ya Alhamisi alimtumia mama yake ujumbe mfupi: kamera zimekatika tangu 11:40, kuna nini hapo nyumbani? Mama aliusoma usiku, baada ya kurudi kutoka jumuiya. Akatazama rekoda kabatini, taa zake zinawaka. Akatazama simu yake, intaneti ipo. Akausoma ujumbe mara ya pili: saa kumi na moja na dakika arobaini. Saa hiyo yeye alikuwa kwenye sala ya jumuiya, na nyumbani alikuwepo binti wa kazi peke yake.

Akamjibu mwanawe hivyo hivyo: wakati huo sikuwepo, alikuwepo binti. Mwana hakuuliza zaidi. Kesho yake asubuhi binti aliulizwa kwa nini alichomoa waya, na alikuwa anaficha nini. Akakana. Alikana mara nyingi kiasi kwamba kukana kwenyewe kukahesabiwa kuwa dalili. Ijumaa hiyo makabati yalifunguliwa, vitenge vikahesabiwa, na hereni moja ya dhahabu haikuonekana. Nilipofika Jumamosi mchana, mkoba wa binti ulikuwa umefungwa na kuwekwa kando ya mlango wa jiko. Ilikwisha kuamuliwa kwamba Jumatatu atapanda basi kurudi kwao Gairo, bila mshahara wa mwezi ule.

Sikuitwa kwa ajili ya binti. Niliitwa kwa ajili ya rekoda, kwa kuwa katika nyumba ya mapadre tunayo ya namna ile ile, na watu wanajua kwamba nimeihangaikia.

Lipo jambo moja ambalo wenye rekoda wengi hawaambiwi na fundi, nalo ni kwamba chombo kile kina kazi mbili zisizotegemeana. Katika nyumba ile kamera zimeunganishwa na rekoda kwa nyaya zake zenyewe, wala hazipiti kwenye ruta ya intaneti hata kidogo. Rekoda hupokea picha na kuziandika kwenye diski iliyomo ndani yake. Kazi hiyo haihitaji intaneti kabisa. Kazi ya pili ni kuzipeleka picha nje, kwa waya mmoja mwembamba utokao kwenye rekoda kwenda kwenye ruta, na kutoka hapo hadi kwenye simu ya mtoto huko aliko. Simu ile inaposema kwamba rekoda haipatikani, inaleta habari za kazi ya pili tu. Haisemi kwamba kamera zimezimwa, wala kwamba hazikurekodi.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kugusa waya wowote, niliwasha runinga iliyounganishwa na rekoda. Picha zote 4 zilikuwepo. Mbwa alikuwa amelala getini. Diski ya rekoda ile ni ya terabaiti 1, na kwa kamera 4 huhifadhi takriban siku 12. Ikijaa, picha mpya hufuta zile za zamani zaidi. Alhamisi ilikuwa bado imo. Wiki 2 baadaye isingekuwemo, na binti angekuwa Gairo.

Nikatazama nyuma ya rekoda. Kwenye tundu la waya wa mtandao kuna taa ndogo 2. Moja ilikuwa imetulia, ya pili ikimetameta. Maana yake waya ni mzima na umechomekwa pande zote mbili. Nikamwambia mama kwamba hakuna waya uliochomolewa. Akanijibu, "Aliurudisha aliponisikia getini." Nataka mlisikie jibu hilo vizuri. Habari ambayo ilipaswa kumpunguzia binti mashaka ilimwongezea, kwa kuwa sasa alikuwa si mkaidi tu bali pia mjanja.

Nikachukua kipanya na kuingia kwenye mipangilio ya mtandao ya rekoda. Anwani ya IP iliyoandikwa humo ilikuwa 192.168.1.108, na lango la kutokea 192.168.1.1. Kisha nikatazama simu yangu, ambayo mama alikuwa amekwisha kuiunganisha na intaneti ya nyumba. Yenyewe ilikuwa na anwani 192.168.8.103, na lango 192.168.8.1. Hapo kazi ya kutafuta ilikuwa imekwisha.

Nieleze kidogo, maana tarakimu hizi huwatisha watu bure. Kila kifaa kinachotumia intaneti ya nyumbani lazima kiwe na anwani. Zinazoanza na 192.168 ni miongoni mwa zile ambazo kwa utaratibu wa mwaka 1996 zilitengwa kwa matumizi ya ndani, na ndiyo sababu nyumba yako na ya jirani zinaweza kuwa na anwani zile zile bila kugongana. Katika mtandao mdogo kama wa nyumba ile, mafungu matatu ya kwanza ni kama jina la mtaa, na fungu la mwisho ni namba ya nyumba. Rekoda ilikuwa inaamini kwamba inaishi mtaa wa 1. Ruta ilikuwa inahudumia mtaa wa 8. Waya ni mzima, taa zinawaka, lakini rekoda ilikuwa inabisha hodi kwenye mlango ambao haupo tena.

Vifaa vingi, kama simu zetu, huomba anwani mpya kutoka kwa ruta vinapojiunga nayo. Utaratibu huo huitwa DHCP. Katika rekoda ile fundi wa kwanza alikuwa ameuzima na kuandika anwani kwa mkono, ili isibadilike-badilike. Mafundi wengi hufanya hivyo, na wana sababu nzuri, mpaka siku ruta inapobadilishwa.

"Mama, ruta hii ni mpya?"

"Ndiyo, Padre. Ya zamani ilikuwa inakwama, wakatuletea hii."

"Walileta lini?"

"Juma hili hili. Alhamisi."

"Saa ngapi?"

Akafikiri. "Yule kijana alikuja baada ya chai ya saa nne. Alipoondoka kengele ya Malaika wa Bwana ilikuwa inagonga. Nilisimama mlangoni nikasali kwanza, ndipo nikaenda kumfungia geti."

Nikaomba kuuona ujumbe wa mwanawe kwa macho yangu. Uliandikwa 11:40, wala hapakuwa na neno asubuhi au jioni. Sasa, wapendwa, simu na kompyuta huanza kuhesabu saa usiku wa manane, hali sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza. Kwa simu ya mwana, 11:40 ni saa tano na dakika arobaini asubuhi. Saa kumi na moja na dakika arobaini jioni ingeandikwa 17:40. Mama alizisoma namba kama alivyozisoma maisha yake yote, na mwana aliziandika kama zinavyoandikwa ofisini kwake. Wote wawili ni Waswahili wazuri. Ila tarakimu zikiandikwa tupu hazisemi zinasomwa kwa hesabu ya nani, na kati ya masomo hayo mawili palikuwa na saa 6 kamili, na binti akaangukia humo.

Mama hakushawishika mara moja, na sikumshangaa. Alikuwa ameishi na hasira ile siku mbili nzima. Basi nikafungua kumbukumbu ya matukio, ambayo rekoda hujiandikia yenyewe. Kwanza nililinganisha saa ya rekoda na ya simu yangu, kwa kuwa rekoda ambayo saa yake haijapangwa kujirekebisha kwa mtandao huachana na saa ya kweli kidogo kidogo. Ile ilikuwa mbele kwa dakika 4. Kumbukumbu ya Alhamisi ilisema: mtandao umekatika 11:44, mtandao umerudi 12:03. Ukitoa dakika 4 unapata 11:40 na 11:59, yaani karibu kabisa na kengele ya adhuhuri. Hapakuandikwa popote kwamba rekoda ilizimwa.

Kisha tukatazama picha zenyewe. Kwenye kamera ya sebuleni, muda huo, unaonekana mgongo wa kijana wa kampuni ya intaneti ameinama nyuma ya kabati. Kwenye kamera ya uani, muda ule ule, binti anaanika nguo. Nikapeleka mbele hadi jioni, 17:40. Kamera zote 4 zinaonyesha, na binti anawawekea kuku maji. Mama alitazama kimya, akasema, "Rudisha tena pale anapoanika." Nikarudisha.

Yule kijana simlaumu. Alitumwa kubadilisha ruta, akaibadilisha, akahakikisha kwamba simu ya mwenye nyumba inapata intaneti. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna rekoda inayotegemea anwani ya zamani.

Matengenezo hayakufika dakika 5. Niliwasha DHCP kwenye rekoda, ikapewa anwani 192.168.8.105. Kisha nikaingia kwenye ruta na kuiwekea akiba anwani hiyo, isipewe kifaa kingine. Kabla sijamaliza mwana alipiga simu: "Padre, nimeona! Nawaona!" Nikamwomba abaki hewani, kwa kuwa kulikuwa na mambo mawili ya kuzungumza.

La kwanza lilikuwa ushauri aliopewa na mwenzake wa kazini, kwamba tufungue njia kwenye ruta ili rekoda ifikiwe moja kwa moja kutoka nje. Nilikataa. Ruta inayotumia laini ya simu, kama ile, mara nyingi haina anwani yake yenyewe inayofikika kutoka nje, hivyo njia hiyo huwa haifanyi kazi. Na pale inapofanya kazi ni hatari. Mwaka 2016 programu ovu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na rekoda nyingi sana duniani kwa kujaribu nywila za kiwandani ambazo wenyewe hawakuzibadilisha, na tarehe 21 Oktoba mwaka ule vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, hata tovuti kubwa kama Twitter zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa. Mama wa watu hakujua kwamba nywila ya rekoda yake ilikuwa bado ile iliyotoka nayo dukani. Tukaibadilisha palepale, akaiandika kwenye daftari lake la jumuiya.

La pili lilikuwa binti. Nilimsomea mwana saa zote, kisha nikamkabidhi mama simu na kutoka nje.

Mama alimwomba binti radhi mbele yangu, kwa maneno ya wazi, akaubeba mkoba kwa mikono yake mwenyewe kuurudisha chumbani. Mwana naye alipiga Dominika jioni kumwomba radhi. Hereni ilionekana siku kadhaa baadaye, imenasa kwenye sweta. Binti alikaa mpaka mwisho wa mwezi, akapokea mshahara wake wote, akaomba ruhusa ya kwenda kumsalimia mama yake, na hakurudi. Nilipompigia simu aliniambia kwamba hana kinyongo na mtu. Ila tangu siku ile, alisema, kila alipopita sebuleni alijikuta anatazama juu, kwenye kamera, na hakujua ni nani anayemwangalia wala anatafuta nini.

Nilimwuliza kama aliwahi kuonyeshwa picha zinazotoka kwenye kamera zile. Hakuwahi. Katika miezi 14 aliyofanya kazi humo hakuna aliyemkalisha mbele ya runinga na kumwambia: hiki kinaonekana, hiki hakionekani, na anayetazama ni fulani. Mimi naona kila nyumba yenye kamera inawawia wafanyakazi wake deni hilo, nalo hulipwa kwa robo saa.

Wale mlioniomba maelezo ya rekoda, andikeni anwani yake, lango lake na tarehe ya kubadilisha ruta kwenye karatasi, muibandike juu ya chombo chenyewe. Nanyi watoto mlio mbali, mkiandika saa kwa wazazi wenu, ongezeni asubuhi au jioni.

Mwezi ujao nina safari ya kupitia Gairo. Mama amenipa kitenge na barua nimpelekee binti, na barua hiyo ameiandika mwenyewe, haijapitia kwa mwanawe. Nitaifikisha.