Jina langu la mkono

Jumamosi, 7 Septemba 2024

Nimemsindikiza tena kitinda mimba wangu kwa viziwi wenzake hapa Bura. Wanapaita ukumbi, ni chumba cha mabati chenye mabenchi sita. Kengele yao ni swichi ya taa: mwenye neno huwasha na kuzima mara mbili, macho yote yakamgeukia. Mimi nilipiga makofi, kisha nikaona haya.

Saa moja kasoro stima ikapotea. Sisi wazazi tukaendelea na soga kama kawaida. Wao maneno yaliwakatikia mikononi, hadi mwalimu, naye kiziwi, alipotundika simu yake yenye tochi kwenye msumari wa kalenda.

Tulirudi kwa kundi kwa sababu ya ndovu. Watu husema kiziwi ndiye wa kuhofiwa njiani. Lakini ndovu akitembea hata mimi simsikii, na aliyeona kinyesi kibichi barabarani alikuwa binti yangu. Alinivuta shati, tukazunguka.

Jumamosi, 14 Septemba

Jana zahanati. Mhudumu aliniuliza mimi kila kitu, mgonjwa, binti yangu, amekaa katikati yetu. Nikajibu: tumbo, tangu Jumanne. Tulipotoka akanishika bega, akaniashiria polepole kama kwa mtoto: si tumbo, ni kiuno, na ni tangu Ijumaa iliyopita. Ana miaka 17. Nimemsemea miaka yote hiyo, sijui mangapi nimeyakosea. Katiba ya 2010, kifungu cha 120, imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Mbunge ana mkalimani. Binti yangu ana mimi.

Jumatatu, 23 Septemba

Siku ya Kimataifa ya Lugha za Ishara. Mwalimu ameeleza kwamba tarehe hii mwaka 1951 ndipo Shirikisho la Viziwi Duniani lilipoanzishwa.

Jina langu naweza kulitaja kwa vidole, herufi moja moja, kama mzee anayehesabu sarafu. Leo wamenipa la kwao, maana jina la ishara hujipi mwenyewe: vidole viwili vinapita juu ya mdomo. Nikajivuna, nikidhani wanasifu sharubu zangu. Binti yangu akacheka hadi machozi. Kumbe zinafunika midomo, hakuna anayeweza kuisoma.

Nimetoa wembe. Mama watoto anasema nikinyoa, jina litakosa maana.